Hodi Tatu Kijijini Conghua

Haya, jamani wa sebuleni, wa jikoni, na nyinyi mnaofunga mabegi huko koridoni, wekeni selotepu chini mje. Mabegi hayana miguu. Leo nawapa ya mwaka ule niliofanywa mtakatifu. Msicheke! Wewe uliyecheka nimekuona, na chai yako nitaipunguzia maziwa.

Mnanijua. Mimi shule niliiona kupitia dirishani, tena nikipita na ndoo kichwani. Lakini huku Uchina, Guangzhou, nimekuja mara nyingi mpaka mbwa wa mtaa wetu wa Sanyuanli wakiniona wanatingisha mkia kabla sijatoka kwenye metro. Na uwongo sisemi. Natia chumvi kidogo tu, kwa sababu maneno yasiyo na chumvi yanaharibika njiani.

Sasa. Pale mtaa wa Xiaobei, kando ya barabara ya Huanshi Zhonglu, kulikuwa na mzungu mmoja mwanamke. Kila Ijumaa alikuja na begi kubwa la mgongoni, ndani chupa za maziwa ya mbuzi. Nyinyi mnayajua maziwa ya pakiti ya huku: ukiyatia kwenye chai, chai inanuna. Basi sisi wanawake wa Mombasa tulikuwa tukimsubiri huyo mzungu kama watu wanaosubiri ndege. Nilipokunywa maziwa yake mara ya kwanza, wallahi nililia mpaka mhudumu wa mkahawa akaniletea karatasi za kupangusa meza nzima.

Tukawa mashoga. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, chake ni cha kwao Ayalandi, kinakwenda mbio kama kimeiba kitu, lakini tulielewana. Ayalandi ni kisiwa cha mvua huko juu kabisa. Alisema kwao mvua inanyesha siku saba kwa wiki, na ya nane inanyesha ya kukumbushia. Alikuja huku kufundisha Kiingereza, akaolewa na Mchina mmoja mpole, wakaenda kufuga mbuzi kijijini kwa mume, huko Conghua. Kwenye ramani Conghua nayo ni Guangzhou. Lakini ukitoka Sanyuanli kwa metro, halafu basi, halafu pikipiki, unafika umeota mvi mbili ambazo asubuhi hukuwa nazo.

Na huyu shoga yangu alikuwa na sikukuu zake. Si Krismasi, hizo kila mtu anazo. Zake zilikuwa nne, za wazee wa kwao wa zamani sana, kabla hata makanisa hayajafika. Wale wazee waliukata mwaka kama papai, vipande vinne, kila kipande na sikukuu yake. Na yeye akazibeba zote nne mpaka kijiji cha Kichina.

Mwezi wa kumi na moja ni ya kuwakumbuka waliokufa. Kwao wanachonga taa kwa kiazi fulani cha mviringo. Conghua hakipo, akachonga figili nyeupe za Kichina, zile ndefu kama mguu wa mchezaji mpira. Akazipanga mlangoni na mishumaa ndani. Jirani akapita, akasimama, akauliza kama wanauza.

Mwezi wa tano mifugo inapitishwa katikati ya mioto miwili, iwe salama mwaka mzima. Viongozi wa kijiji wakamkataza kuwasha moto kwa sababu ya moshi. Basi akachukua dawa za mbu, zile za kuzungushwa kama konokono, akaziwasha huku moja na kule moja, akapitisha mbuzi thelathini na moja katikati. Sijui kama mbuzi walibarikiwa. Mbu, nasikia, wote walihamia Hong Kong.

Mwezi wa nane ni mavuno ya kwanza. Anavaa vizuri, anapanda kilima na kikapu cha mpunga mpya na viazi vitamu. Mwaka wa kwanza majirani walidhani amegombana na mumewe anahama, wakamfuata kumi na wawili kumbembeleza arudi. Mwaka wa pili wakamfuata na vikapu vyao. Sasa kile kilima siku hiyo kinajaa kuliko soko la nguo.

Kipande cha nne ndicho changu. Hicho kinakuja mwanzo wa mwezi wa pili, baridi ikianza kuchoka, mbuzi wakizaa na maziwa mapya yakitoka. Wenyewe wanaiita Imbolki. Ni siku ya mwanamke wao mmoja wa zamani, Brigidi. Wengine wanasema alikuwa mungu, wengine wanasema mtakatifu wa kanisa. Nilimuuliza shoga yangu ni yupi hasa, akaniambia, "Yote sawa, mradi aje."

Mwaka huo nilikwama. Nilikuwa nimeagiza sufuria na chupa za chai kwa ajili ya duka langu, kiwanda kikasema ziko karibu, ziko karibu, mara mwaka mpya wa Kichina ukaingia, mafundi wote wakaenda makwao. Sanyuanli nzima mageti yameshuka, karatasi nyekundu milangoni, hata yule mzee anayeuza soksi saa ishirini na nne hayupo. Nilizunguka siku mbili nikitafuta mtu wa kugombana naye bei, sikupata. Nikaanza kuumwa.

Shoga akanipigia simu. "Shoga, njoo kijijini. Nina kazi na sauti yako."

Nikamwambia, "Sauti yangu nimeiacha kiwandani, lakini nakuja."

Alinipokea kituoni na mumewe. Tukiwa njiani akanieleza shida yake. Alikuwa na mavyaa yake, mama wa mumewe, bibi mdogo mdogo ambaye ukimpima na mlango wa friji anapita chini. Nyumba ya bibi na nyumba ya shoga zinatazamana, ua ulio kati yake ni hatua ishirini. Na kwa miaka sita, tangu harusi, bibi hajavuka kizingiti cha mkwewe hata siku moja. Wanasalimiana uani. Bibi analeta mboga, anaziweka kwenye ngazi. Shoga anapeleka maziwa, bibi anapokea. Lakini kuingia, haingii. Mvua inanyesha, bibi amesimama nje na mwavuli anaongea na mwanawe aliye ndani!

"Kwa nini?" nikauliza.

Mume akasema labda kwa sababu mke alifagia nyumba siku ya kwanza ya mwaka, na kwao siku hiyo hufagii, utafagia na bahati. Shoga akasema hapana, ni kwa sababu ya harufu ya jibini. Dereva wa pikipiki ya magurudumu matatu iliyotubeba sote, ambaye hakuulizwa, akasema kijiji kizima kinajua ni kwa sababu ya paka.

"Mwaka huu," shoga akasema, na macho yalikuwa yamemjaa maji, sitanii, "nataka kitu kimoja tu. Mama akae mezani kwangu. Hata dakika tano. Hata asile."

"Mmemuuliza?"

Mume akakuna kichwa. "Mama yangu haulizwi."

"Basi leo tumlete," nikasema.

"Leo haiwezekani kabisa," akasema mume. "Leo ni siku ya tatu ya mwaka mpya. Siku ya tatu watu hawaendi nyumba za watu. Ni siku ya ugomvi. Ukigombana leo, unagombana mpaka mwaka uishe."

Basi tukamwacha bibi, tukashika mambo ya Brigidi. Kazi ilikuwa hivi. Magharibi ikikaribia, mwanamke mmoja anatoka nje, amebeba mzigo wa majani ya bwawani. Yeye ndiye anasimama badala ya Brigidi. Waliobaki ndani wanapiga magoti. Wa nje anaita mara tatu: pigeni magoti, fumbueni macho, mpokeeni Brigidi. Baada ya mara ya tatu, wa ndani wote wanajibu kwa sauti moja kwamba amekaribishwa. Mlango unafunguliwa, anaingia na majani yake, na baraka za mwaka zinaingia naye. Kwa hiyo walihitaji mtu wa sauti.

Nikamwambia, "Shoga, mimi nina dini yangu. Majani nitabeba, kelele nitapiga. Utakatifu mtafutie mwingine."

Akasema, "Shika majani tu. Utakatifu utajishika wenyewe."

Akanipa mundu, akanipeleka bwawani, akaniambia nikate. Sasa, ndugu zangu, mimi ni mfanyabiashara. Mimi sijui kununua kimoja. Nikiambiwa chukua kijiko, nachukua katoni. Nilikata majani kama nimeambiwa kuna kontena la futi arobaini linanisubiri bandarini Nansha na meli imeshapiga honi. Bwawa likabaki na kipara. Bata walitoka majini wakanitazama kama watu waliobomolewa nyumba. Nikafunga mzigo mmoja, mnene kama ng'ombe wa Krismasi, nikaubeba kifuani, mbele sioni, nyuma sioni, natembea kwa kubahatisha.

"Shoga," akasema alipouona, "nilitaka ya kujaza kiganja."

"Brigidi wenu amekuja kwa jumla," nikamjibu.

Wakaingia ndani, wakafunga mlango. Mlango wenyewe ni wa mbao nene, wa zamani, umebandikwa picha mbili za askari wa Kichina wenye ndevu wa kufukuza mabaya. Mimi nimebaki uani. Baridi ya Conghua si baridi ya kuonekana, ni baridi ya kuvizia, inaingia kwenye soksi inakaa. Hatua ishirini nyuma yangu, bibi ameketi kwenye ngazi yake na sahani ya mbegu, anamenya, anatema maganda, ananitazama. Nikamwinamia kidogo. Akaniinamia kidogo. Tema ganda.

Nikajaza kifua. Nikaanza kwa maneno yao ya Ayalandi, yakanipotea yote baada ya la kwanza. Basi nikatumia ya kwetu.

"Hodiii!"

Kuku walilala chini. Ndani kimya. Sawa, ndivyo tulivyopatana, ya kwanza hawajibu.

"Hodi mwenye nyumba! Pigeni magoti!"

Kimya. Sawa.

Nikavuta pumzi ya mwisho, ile ninayoitumia kumwita mtu wa mizigo aliye ghorofa ya tisa. "HODIII! Brigidi yupo mlangoni!"

Na hapo hapo, nyuma ya nyumba ya jirani, wakawasha fataki. Si fataki mbili tatu. Mkanda mzima, mrefu kama kutoka hapa mpaka Xiaobei. Pa! Pa-pa-pa-pa! Masikio yangu yalifunga duka. Zilipoisha, moshi umejaa uani, mimi nimesimama na mzigo wangu, nasikiliza. Kimya. Nikangoja kama mtu mwenye adabu anavyongoja. Kimya.

Baadaye ndio nikajua kwamba wenyewe walijibu, tena kwa nguvu, ila walijibu fataki zikilia, sauti zao zikamezwa. Halafu wakabaki kwenye magoti wakinisubiri nisukume mlango, maana kwao Ayalandi kijijini mtu haongojei kufunguliwa, ukishajibiwa unasukuma unaingia. Mimi nasubiri wanifungulie. Wao wanasubiri niingie.

Sasa nyinyi niambieni, tumelelewaje? Hodi tatu. Ukipiga tatu, hakuna aliyejibu, unageuka unakwenda zako, hata kama unaona moshi wa jikoni, hata kama unasikia wanacheka. Wenyewe hawajawa tayari, basi. Hodi ya nne inapigwa na polisi na mwehu. Mama yangu alinifundisha hilo kabla sijaota meno.

Nikageuka. Sikukasirika. Nilijiambia labda wamebadili mawazo, labda dini yao ina kipengele sikuelezwa. Nikakumbatia majani yangu, nikashika njia ya kituo cha basi. Brigidi huyo, na baraka zote za mwaka, anarudi Sanyuanli kwa miguu!

Nilikuwa nimefika kwenye banda la mbuzi niliposikia nyuma yangu viatu vya plastiki, pa-ta-pa-ta-pa-ta. Bibi! Sahani kaiacha, mbegu zimemwagika uani, anakimbia kama ana miaka kumi na minne. Akanikamata mkono wa koti. Akaanza kusema kwa Kikantoni chao cha kijijini, kirefu, bila nukta.

Mimi Kichina changu ni cha sokoni. Najua mwenye duka, najua ghali sana, najua hakuna. Basi nikaunga niliyokuwa nayo. Nikaonyesha ile nyumba, nikamwambia, "Laoban meiyou!" Yaani mwenye nyumba hayupo.

Ohoo! Bibi alibadilika rangi. Akaonyesha moshi unaotoka jikoni kwa mkwewe. Akaonyesha viatu vyao mlangoni, jozi mbili. Akajipiga paja. Mimi lugha sikuielewa, lakini mama aliyekasirika anaeleweka nchi zote: wapo! Wapo ndani! Mgeni amekuja kutoka mbali, amepiga kelele mpaka kijiji kizima kimesikia, amebeba na zawadi ya majani, na siku ya ugomvi, wamemwacha nje mpaka akaondoka! Aibu ya mwaka mzima!

Akanivuta. Jamani, mwanamke yule ana uzito wa kilo moja ya unga, lakini alinivuta mimi mzima na majani yangu kama troli tupu. Kufika mlangoni hakubisha. Alisukuma kwa mikono miwili, mlango ukafunguka waa, akanisukuma niingie.

Sikuingia. Mzigo ulikwama. Majani kulia yameshika mwimo, kushoto yameshika mwimo, wale askari wenye ndevu siwaoni tena. Bibi akasukuma kwa mgongo. Wapi! Akasukuma kwa bega. Nikalia kama akodioni. Akasimama, akatazama, akafikiri kidogo kama fundi. Halafu akainama, akapita chini ya kwapa langu, chini ya majani yote, akatokea upande wa ndani, akageuka, akashika mzigo na kuanza kunivuta.

Akavuta mara moja, nikaja kidogo. Akavuta mara ya pili. Kisha akaacha, kwa sababu alikuwa amesikia watu wanapumua nyuma yake.

Akageuka.

Mwanawe na mkwewe walikuwa sakafuni, wamepiga magoti, wanamtazama. Yule mzungu mrefu kama mlingoti yupo chini mpaka anatazamana na bibi jicho kwa jicho. Mikononi ameshika bakuli la maziwa mapya, ya mbuzi aliyezaa asubuhi ile, ya kumpa wa kwanza kuingia. Na wa kwanza kuingia alikuwa nani? Mimi bado nusu yangu ipo Guangzhou mjini.

Mimi sikujua wakati ule, mume ndiye aliniambia baadaye: kwao, mkwe akimpigia magoti mama wa mume akampa kinywaji kwa mikono miwili, hiyo ndiyo heshima yenyewe, hakuna nyingine juu yake. Na siku ya harusi yao mambo hayo hayakufanyika. Walifunga ndoa ofisini mjini, wakala tambi, wakarudi.



Shoga akanyanyua bakuli. Akasema lile neno tulilopatana wajibu, nililomfundisha mwenyewe pale Xiaobei, "Karibu." Akalisema tena, kwa Kikantoni. Halafu kwa lugha ya kwao.

Bibi akajipangusa mikono kwenye suruali. Akapokea bakuli kwa mikono miwili. Akanywa. Nyinyi mnajua Mchina mzee na maziwa ya mbuzi. Uso ulikunjamana mpaka macho yakapotea. Lakini hakuacha, alikwenda nayo mpaka mwisho, akageuza bakuli tuone limeisha. Kisha akavuta kiti, akaketi mezani. Mezani kwa mkwewe! Shoga akaficha uso kwenye bega la mumewe, akacheka na kulia kwa pamoja, na mimi mlangoni nikawaambia jamani hongereni sana, sasa nikwamueni.

Wakanikwamua. Majani yakajaa nyumba nzima, tukakaa juu yake kama bata. Bibi akaletewa wali na samaki, akala. Akatazama huku, akatazama kule, akachungulia hata chumbani. Ndipo akamuuliza mwanawe: hebu niambie, haya mambo yote ni nini? Huyu mgeni na nyasi, nyinyi sakafuni, maziwa?

Mwanawe akamweleza polepole, na baadaye akatutafsiria sisi. Kwamba ni desturi ya kina mke wake. Kwamba mwanamke wa heri anasimama nje, anaita mara tatu, wa ndani wanamwambia karibu, naye anaingia na kuketi nao.

Bibi akaweka vijiti vyake chini. Akamtazama mwanawe. Akamtazama mkwewe. Akanitazama na mimi.

"Miaka sita nimekaa pale ngazini nangoja mtu aniambie karibu," akasema. "Kumbe ilikuwa ni kupiga kelele tu? Si ningewapigia tangu siku ya harusi!"